Kumfikisha Mama Mkwe Mwene-Ditu Kabla ya Jumapili

Tangu nirudi, kila anayekuja na beseni la mahindi kwenye mashine yangu ya kusaga pale Kikula, hapa Likasi, ananiuliza jambo moja: ni kweli ulikaa siku nane njiani na mama mkwe wako, ninyi wawili tu? Mashine ina kelele, mimi napaza sauti juu yake, na habari inatoka nusu nusu. Kuna aliyekwisha kusikia kwamba mama mkwe alinibeba mgongoni kuvuka mto. Basi nimeamua kuandika, niokoe koo langu na jina langu. Habari za tiketi na vyeti nitaziruka, maana hazijawahi kumfurahisha mtu.

Kwa asiyetufahamu, naanza na watu. Mama mkwe wangu, Mama Kapinga, ni Mkasai aliyezaliwa Likasi; baba yake aliletwa zamani kufanya kazi migodini. Mimi ni Msanga, mwenyeji wa huku huku Katanga. Dada yake mkubwa, Mama Mbombo, anakaa Mwene-Ditu, huko Kasai kwa asili yao. Huyo dada alifiwa na mume mwaka jana, na tangu siku ile amevaa nyeusi. Katika ukoo wao mjane hajivui nyeusi mwenyewe. Anavuliwa na ndugu wa tumbo moja, baada ya misa ya kumaliza matanga, na ndugu wa tumbo moja aliyebaki duniani ni Mama Kapinga peke yake. Misa ilipangwa Jumapili. Tusingefika, dada angekaa na nyeusi mwaka mwingine mzima, na yuko kwenye umri ambao mtu hapangi tena mambo ya mwaka ujao.

Kuna pia jambo zito kuliko hilo. Miaka ile Wakasai walipofukuzwa Katanga, dada hao wawili walijazwa kwenye treni pale pale stesheni ya Likasi pamoja na maelfu ya wengine. Mama Kapinga alirudi baadaye, kwa sababu kaburi la mama yao liko Likasi na moyo wake ulibaki huko. Dada yake aliapa kwamba hatakanyaga tena Katanga, wala mtu wa Katanga hatakanyaga nyumbani kwake. Aliposikia kwamba mtoto wa mdogo wake ameolewa na Msanga, hakutuma hata salamu. Mimi miaka ile nilikuwa mtoto wa shule. Tuliwaona majirani zetu wakibeba magodoro kwenda stesheni, na nyumbani kwetu hakuna aliyesema neno.

Mke wangu Béa ndiye aliyepaswa kwenda na mama yake, lakini ana mtoto wa wiki tatu. Shemeji zangu, mmoja amevunjika mguu na mwingine hakupata ruhusa kazini Kolwezi. Nikabaki mimi. Na hapo familia nzima ilicheka, kwa sababu kwetu mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa kukwepana. Siketi naye benchi moja, simpi mkono, simtazami usoni, siongei naye moja kwa moja, na zaidi ya yote hatuli mmoja mbele ya mwenzake. Miaka kumi na miwili tumeishi mitaa jirani, na kila neno letu limepita kwa Béa. Sasa tunasukumwa njiani pamoja bila Béa. Mimi sikucheka.

Likasi hadi Tenke: kikapo kimoja

Jumanne, treni ya saa mbili asubuhi ilifika saa tisa alasiri. Mimi ni mtu wa saa. Mashine yangu inawaka saa kumi na mbili kamili, na wateja wangu wanajua. Kwa hiyo kufikia saa sita mchana nilikuwa nimekwisha kumwuliza mkuu wa stesheni mara tisa, na mara ya kumi alifunga dirisha aliponiona tu. Mama Kapinga aliketi juu ya mzigo wake, mbali nami hatua ishirini kama inavyotakiwa. Alikuwa anamsaidia mwanamke mmoja asiyemfahamu kumenya karanga, wakizungumza kwa utulivu. Utulivu ule ulinikasirisha. Safari ni yake, dada ni wake, na mwenye wasiwasi ni mimi.

Ndani ya behewa nilimtafutia nafasi nzuri dirishani, nikamwonyesha kwa kidole huku nikitazama pembeni, nikaenda kukaa mwisho kabisa, uso ukutani. Heshima ilikuwa kamili. Kasoro ilikuwa moja, na aliifanya Béa kwa haraka ya asubuhi: alifunga chakula chetu wote wawili katika kikapo kimoja. Kuku wa kukaanga, viazi vitamu, mayai, vitumbua na chupa ya chai. Na kwa heshima, kikapo alikikabidhi kwa mama yake.

Fikirini hesabu hiyo. Mimi siwezi kwenda kuomba chakula kwa mama mkwe. Yeye hawezi kufungua kikapo kabla mkwe hajapelekewa sehemu yake, na hawezi kuniletea mwenyewe. Kwa hiyo kikapo kilikaa kimefungwa miguuni pake, harufu ya kuku ikijaa behewa zima, na sisi wawili tukawa na njaa kwa adabu nzuri sana. Kituo cha Fungurume nilinunua mahindi ya kuchoma dirishani, nikageuka kuangalia kama ananiona. Alikuwa ananiona. Nikampa mahindi yangu jirani, nikasema kwamba nina shida ya meno.

Tenke tulikaa mpaka asubuhi tukingoja kichwa kingine cha treni. Nilishika tumbo na kulalamika kwa kila aliyepita. Njaa ilikuwa imeungana na hasira, na sikujua tena ninalalamikia lipi.

Tenke hadi Bukama: Mama Numbi

Mkombozi wetu aliitwa Mama Numbi, mfanyabiashara wa samaki, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Alipandia Tenke, akaketi akitazamana na Mama Kapinga, na haukupita muda kabla hajanusa kikapo. Mimi nilikuwa mbali, lakini sauti yake ilifika bila shida.

"Mama, hii kikapo inanuka kuku. Iko ya kuangalia tu?"

Mama Kapinga alijibu kwa upole. "Iko ya mukwe wangu. Yeye hayakula tangu jana. Minye nitaanza namna gani?"

"Na mukwe njo wapi?"

"Njo ule anaangalia ukuta."

Mama Numbi alicheka mpaka akafuta machozi kwa kona ya kitenge. Kisha akafungua kikapo bila kuomba ruhusa, akagawa kila kitu sehemu mbili, akachukua paja moja la kuku kuwa malipo ya kazi yake, akaniletea sehemu yangu kwenye kifuniko cha sufuria. Aliniambia kwamba mama wa watu anakufa na njaa kwa ajili yangu, basi nile ili naye ale. Nilikula nimegeukia ukuta, na sijawahi kula kuku mtamu hivyo.

Kuanzia hapo Mama Numbi akawa simu yetu. Ubaya wa simu hiyo ni kwamba ilikuwa inaongeza maneno. Nilimtuma aulize kama mama amelala vizuri. Alikaa kule nusu saa, niliona wakicheka na kunionyesha kwa kidole, akarudi akaniambia tu, "Anasema ndiyo." Upande wa pili naye alikuwa hivyo hivyo. Treni iliposimama tena porini nikaanza kumwandama mkuu wa treni, Mama Kapinga alituma ujumbe, na nina hakika ulitoka kwake kwa sauti ya chini. Kwangu ulifika ukiwa umesikiwa na behewa zima: mkwe wako anasema treni haina masikio, kaa chini. Watu walipiga makofi. Mkuu wa treni alipiga zaidi ya wote.

Bukama Mama Numbi alishuka na vikapo vyake vitupu, maana samaki wa mto Lualaba ndio waliomleta. Alitununulia pale pale stesheni samaki wawili wa moshi, mmoja kwangu, mmoja kwa mama, kila mmoja kwenye gazeti lake, kwa kuwa amekwisha kutujua. Nilimwona akiondoka nikapata huzuni ya kweli. Kutoka hapo hakuna mtu tena katikati yetu.

Baada ya Bukama: kituo kisicho na ubao

Alhamisi mchana treni ilisimama kwenye kituo kidogo ambacho ubao wa jina ulikuwa umeanguka. Habari ikaja kwamba mbele yetu treni ya mizigo imetoka kwenye reli. Mkuu wa treni alisema itakuwa kazi ya saa chache. Ijumaa asubuhi alisema ni saa chache. Ijumaa jioni nilipomtafuta aseme tena, alikuwa amejificha kwenye behewa la mizigo, nyuma ya magunia ya chumvi.

Mawasiliano tuliyatengeneza upya. Kukitokea jambo, Mama Kapinga alimwambia kikapo. "Ee kikapo," alisema, akitazama pembeni, "kama ungekuwa na miguu, ungeona kama nyuma ya ile kilima kuko maji." Mimi nikachukua bidoni, dumu letu la maji, na kwenda. Niliporudi nilimwambia bidoni kwamba maji yapo ila yana udongo, yachemshwe. Abiria wengine mwanzoni walidhani sisi ni wagonjwa, mpaka mzee mmoja wa Kamina akawaeleza, na tangu hapo wanawake walimheshimu Mama Kapinga kwa namna ya pekee. Kumbe wengi walikuwa na wakwe wao mahali fulani.

Asubuhi ile ya Ijumaa nilimkuta amekata matawi, ameyafunga fagio, anafagia kituo. Nazungumzia kituo kizima, kuanzia ukuta uliobomoka mpaka kwenye reli. Kwanza alikuwa peke yake. Baadaye wanawake wawili walijiunga, baadaye watano. Mahali pa kupikia pakapatikana, mahali pa watoto kulala pakapatikana, na nyimbo zikaanza. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye reli nimetia mikono kiunoni, naangalia njia kama vile treni ingeona aibu na kuondoka. Mwisho nilishindwa kuvumilia, nikamwuliza bidoni:

"Bidoni, ju ya nini mutu anafagia kituo yenye haiko yake?"

Fagio halikusimama. "Kikapo, umujibu bidoni. Kama shiye tuko hapa, Mungu naye iko hapa. Atukute mu buchafu?"

Niliona haya, na haya ile ilinipeleka kuazima jembe kijijini. Nilichimba choo. Mimi, mwenye mashine, ninayeitwa patro, yaani bosi, na wateja, nilichimba choo cha watu mia na zaidi. Nilikichimba kwa kunung'unika, siwadanganyi, lakini nilikimaliza. Mchana mwanamke mmoja aliniletea bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya mihogo nyuma ya behewa, mahali ambapo mama mkwe hawezi kuniona. Sikuuliza aliyemtuma.

Hata hivyo siku zilikuwa zinakwisha. Jumamosi asubuhi niliona Mama Kapinga ametoa kwenye mzigo wake kitenge kipya cha bluu, vipande viwili vya aina moja, kimoja chake na kimoja cha dada yake kwa siku ya kuvua nyeusi. Alivikunjua, akavitazama, akavikunja tena. Nikaenda kutafuta njia nyingine.

Mpaka Kamina: sanduku katikati

Njia nyingine ilikuwa pikipiki moja. Moja tu katika kijiji kizima, ya wewa, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, mzee mwenye mvi aliyekuwa na haraka ya kufika Kamina. Alisema anaweza kutubeba wote wawili, na akatuonyesha jinsi ya kukaa: yeye mbele, mimi katikati, mama nyuma akinishika kiuno.

Nilimwambia haiwezekani. Akauliza kwa nini. Nikamwambia ni mama mkwe wangu. Alitazama pikipiki, akanitazama mimi, akamtazama mama aliyekuwa amejifunika uso kwa kitenge, akatikisa kichwa. Yeye ni Mluba wa Katanga, ana mama mkwe vilevile. Tukakaa tukafikiri kama watu wazima. Wazo la kuniweka mimi juu ya tangi la petroli lilikataliwa na pikipiki yenyewe. Wazo la mimi kukimbia nyuma nililikataa mimi.

Ufumbuzi ulikuwa sanduku langu. Tulitoa ndani vitu vigumu, tukalisimamisha wima kati yangu na mama mkwe, tukalifunga kwa mpira wa tairi. Yeye alishika sanduku, sanduku lilinishika mimi. Kisheria hatukugusana. Kwa kilomita zote zile, kila tuliporuka shimo, kona ya sanduku iliniingia mgongoni, na alama yake ninayo mpaka leo, asiyeamini aje aione. Kamina tulifika saa nane mchana, wekundu kwa vumbi kuanzia kope hadi vidole. Wewa alimsaidia mama kushuka, na mama akamwombea baraka ndefu, yeye, mke wake, na huyo mama mkwe wake.

Nilipata lori la mahindi linaloondoka alasiri ile ile kuelekea Mwene-Ditu. Dereva aliapa kwamba kesho saa mbili asubuhi tutakuwa tumefika. Misa ilikuwa saa tatu. Kwa mara ya kwanza tangu Likasi nilitabasamu.

Kamina hadi Luputa: Jumapili yenyewe

Mama mkwe alipewa nafasi mbele kwa dereva, mimi juu ya magunia. Utaratibu huo ulinifaa, nikalala usingizi mzuri. Niliamshwa na ukimya. Kulikuwa kumepambazuka, mji wa Kaniama tulikuwa tumeupita, mvua ilikuwa imenyesha, na magurudumu ya nyuma yalikuwa yamezama kwenye matope mpaka hayaonekani.

Tulichimba, tukasukuma, likazama zaidi. Saa moja ikapita, saa mbili ikapita. Saa tatu ilipokaribia, Mama Kapinga alimwuliza dereva ni saa ngapi, naye akamwambia. Alishuka. Alinawa uso na mikono kwa maji yaliyobaki kwenye chupa, akafunga kitambaa safi kichwani, akasimama katikati ya barabara akielekea Mwene-Ditu, akaanza kuimba. Wanawake waliokuwa juu ya magunia walishuka, wakaimba naye. Baadaye wanaume. Walisali sala zote za misa ambazo mtu anaweza kusali bila padri, bila kuharakisha hata moja.

Mimi sikusali. Mimi nilipiga tairi teke. Nililaani barabara, nikailaani treni, nikamlaani dereva na viapo vyake, na nilifanya hivyo kwa sauti, huku wenzangu wakisali. Siku tano nilijitesa kwa ajili ya saa hiyo moja, na saa hiyo ilikuwa inapita mbele ya macho yangu kwenye matope. Nilikuwa karibu kulia, na kwa mwanamume wa kwetu hasira ndiyo inayotoka badala ya machozi.

Walipomaliza, Mama Kapinga alikuja kwangu. Alisimama hatua tatu kutoka nilipo. Kikapo alikuwa amekiacha ndani ya lori. Alinitazama usoni.

"Mukwe," alisema, "unawaza minye siumii?"

Macho yangu yaliangalia viatu vyake vilivyojaa matope.

"Naumia sana. Saa hii dada yangu iko mu kanisa, na mukono yenye inapashwa kumuvula njo hii, iko huku mu pori. Naumia kukupita weye. Lakini kuumia na kulamika haiko kintu moja. Kuumia, Mungu anaonaka. Kulamika, ni batu tu njo banasikiaka, na haivutaka motokari mu matope."

Nikasikia sauti yangu ikimwuliza yeye mwenyewe, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili. "Sasa mama, misa imepita. Tunaenda tena kufanya nini?"

"Tunaenda tu. Kufika ni ya Mungu. Kuenda njo yetu."

Kisha akageuka, akaomba panga kwa dereva, akaanza kukata matawi ya kutandika chini ya magurudumu. Mwanamke wa umri ule. Nilimfuata nikamnyang'anya lile panga, kwa heshima, nikakata mimi.

Nimebatizwa nikiwa mchanga, nimeimba kwaya, natoa mahindi yangu ya mavuno kila mwaka mbele ya altare. Niliamini kwamba Mungu ninamheshimu siku ya Jumapili nikiwa nimevaa shati la pasi, na siku nyingine zote ananivumilia nilivyo. Jumapili ile nilimheshimu kwa matawi na matope mpaka saa kumi jioni, na katika muda huo wote sikulalamika zaidi ya mara mbili. Kwa mtu kama mimi hizo ni chache. Lori lilipotoka, watu walipiga vigelegele. Jumatatu nzima tuliipoteza katika mji wa Luputa, dereva akitafuta tairi, na Mama Kapinga akawasaidia wenye nyumba tuliyofikia kupembua maharagwe ya gunia zima.

Mwene-Ditu

Tulifika Jumanne kabla ya saa sita. Kwenye kiwanja cha Mama Mbombo majivu ya moto mkubwa wa kupikia yalikuwa bado mahali pake, na viti vya kuazima vilikuwa vimepangwa vinangoja kurudishwa. Yote yalionyesha kwamba sherehe imekwisha na watu wamekwenda. Mimi nilisimama nje ya uzio wa majani. Nilikuwa ninajua hapo ni mwisho wangu. Mzigo nitaukabidhi kwa mtu, nitafute mahali pa kulala mjini.

Kupitia mlango wa uzio nilimwona mwanamke mzee kwenye mkeka, mwembamba, amenyoosha miguu. Alikuwa amevaa nyeusi, kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka chini.

Mtoto wake wa kiume, mtu mzima wa rika langu, alinifuata nje akanieleza kwa Kifaransa. Baada ya misa ya Jumapili, mashangazi wa upande wa marehemu walileta maji na nguo mpya. Walisema mdogo wake hakuja, mkono wowote wa ukoo unatosha. Mama yake alikataa. Watu walikula, walinywa, wakamsihi, wakamkasirikia, wakaondoka. Yeye alirudi kwenye mkeka wake, akasema mdogo wake yuko njiani. Jumatatu alisema hivyo hivyo. "Tulidhani umri umemchanganya," alisema yule mtoto wake.

Mama Kapinga alikuwa amepiga magoti mbele ya mkeka. Dada yake alimshika kichwa kwa mikono miwili, akakipapasa kama mtu anayetafuta kitu gizani. Hawakulia kwa sauti. Wakainuka wakiegemeana, wakaenda nyuma ya nyumba, ambako kuna kibanda cha kuogea. Nilisikia maji yakimwagika. Halafu nikasikia mmoja wao akicheka, na wa pili akamjibu kwa kicheko, wanawake wawili waliokaa miaka thelathini bila kuonana, na hapo mimi nilishindwa kabisa. Nilishika mti wa uzio nikalia kama nilivyokuwa, na vumbi la njiani usoni.

Walitoka wamevaa kitenge cha bluu, wote wawili. Majirani walianza kuja, kwanza mmoja mmoja. Nilijipangusa uso na kuweka mzigo wa mama karibu na mlango, nikageuka niende.

Mama Mbombo ndiye aliyenisimamisha. Alikuja mpaka kwenye uzio, polepole, akishikilia ukuta. Aliongea Kiswahili, Kiswahili chetu cha Likasi, kile kile, na niliona mtoto wake anashtuka. Baadaye aliniambia kwamba hajawahi kumsikia mama yake akitamka hata neno moja la lugha hiyo tangu walipofika Kasai.

"Weye njo mutu wa Katanga," alisema.

Nilisema ndiyo, nikitazama chini. Huyo naye ni mama mkwe.

"Mu ile mwaka balitupandisha mu treni. Tulikala ku gare ya Likasi siku mingi, majirani banapita, banatuona. Hakuna hata moja mwenye alitusindikiza." Alipumua. "Weye umesindikiza mudogo wangu mpaka ku mulango yangu."

Alisogea pembeni, akaacha nafasi ya mtu kupita.

"Ingia."

Nikavua viatu, nikaingia.